Kufanana, Kufananisha na Kujifananisha: Sura za Pikipiki za Kruza na Suala la Utambuzi

Katika mazungumzo ya kila siku ya Waswahili, mtu aliyemwita mwenziwe kwa jina lisilo lake huomba radhi kwa kusema, "Samahani, nimekufananisha." Kauli hii imezoeleka mno hata aghalabu haizingatiwi, ilhali ndani yake mna nadharia nzima ya kosa la utambuzi. Msemaji hasemi kwamba aliyemwita amefanana na fulani, japo huenda ndivyo ilivyo. Anajitwika kitendo yeye mwenyewe. Kiambishi cha kusababisha kinamfanya mtazamaji awe mtenda: ni yeye aliyezichukua sura mbili akazifanya moja. Aliyetazamwa alikuwa akipita zake, naye hana la kujibu. Isitoshe, kitenzi hicho hicho ndicho wanachokitumia wahakiki wanapoieleza tashbihi. Hivi ni kusema kwamba lugha haikuona haja ya kuitenganisha kazi ya mshairi anayelinganisha uso na mwezi na kosa la mpita njia anayedhani amemwona binamu yake.

Hata hivyo, katika ukoo huo wa maneno mna ndugu wawili wengine. Kufanana ni hali tu. Watu hufanana bila kukusudia, kama pacha. Kujifananisha ni jambo jingine kabisa. Hapo kirejeshi kinaingia, na kitendo kinahama kutoka kwa mtazamaji na kumwendea mtazamwa: yeye ndiye anayeipanga sura yake ili jicho la mwingine likosee. Baina ya maneno haya matatu ndipo linapokaa swali la kimaadili linalochunguzwa hapa, nalo ni hili: kitu kinapochukuliwa kuwa kingine, nani anawajibika, na nani anadhulumiwa?

Mfano utakaotumiwa huenda ukamshangaza msomaji aliyezoea kuona mijadala ya utambulisho ikijengwa juu ya wahusika wa tamthilia. Ni mfano wa pikipiki kubwa za Marekani ziitwazo kruza, pamoja na zile za nchi nyingine zinazochukuliwa kuwa ndizo. Umechaguliwa kwa sababu katika uwanja huu mzozo juu ya sura haukubakia katika nadharia. Kumekuwa na hati za serikali, ushuru wa forodha, maombi ya kisheria ya kumiliki sauti, na filamu zilizowapa watu kumbukumbu zisizo sahihi. Fasihi haina mara nyingi ushahidi wa kushikika kiasi hiki.

Kruza ni pikipiki ya mwendo wa utulivu katika barabara pana na ndefu. Mwendeshaji hukaa chini, kiuno kimetulia, mikono imepanuka kuushika usukani mpana, na miguu imetangulia mbele kama ya mtu aliyekaa barazani jioni. Haikusudiwi kushinda mashindano. Inakusudiwa kuonekana ikipita. Kielelezo chake ni Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, mwaka 1903. Injini yake kubwa ina silinda mbili zilizopangwa mfano wa herufi V kwa pembe ya nyuzi 45, na kila silinda imezungukwa na mapezi ya chuma yanayopozwa na upepo. Upande wa kulia huonekana mirija inayong'aa, ambayo ndani yake vijiti vya kusukuma vali hupanda na kushuka. Juu ya injini hulala tangi la petroli lenye umbo la tone la chozi, na kromu imetapakaa kila mahali. Hiyo ndiyo sura ambayo mamilioni ya watu, pamoja na wasiowahi kuiendesha, wanaibeba akilini.

Kwa jicho la mjuzi, jamii hii si ya sura moja hata kidogo. Indian, iliyoanzishwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1901, yaani kabla ya Harley, hutambulikana kwa madigadi yake: tangu mwaka 1940 modeli ya Chief ilivaa madigadi marefu yaliyoteremka hadi kuficha sehemu kubwa ya magurudumu, mithili ya buibui linaloburura. Moto Guzzi ya Italia imeilaza injini yake kukingama, silinda zikachomoza kushoto na kulia kama viwiko vya mtu anayejipenyeza katika umati. Haiwezi kufananishwa na nyingine. BMW ya Ujerumani ilipojiingiza katika uwanja huu mwaka 1997 kwa modeli ya R1200C haikuacha silinda zake zilizolala pande mbili. Triumph ya Uingereza ilipoleta Rocket III mwaka 2004, yenye silinda tatu na ujazo wa sentimita 2,294, ilikuwa kama mtu anayeingia harusini kwa vazi la kwao, bila kuazima la mwenye nyumba. Hizi zote ni kruza, na zote zina nyuso zao.

Matatizo yanaanza na kundi la Wajapani. Honda Shadow, Yamaha Virago, Suzuki Intruder na Kawasaki Vulcan zilitokea moja baada ya nyingine kati ya 1981 na 1985, na mpita njia asiye mjuzi alipoziona alisema ameona Harley. Mjuzi huinama. Anatafuta rejeta iliyofichwa baina ya vyuma viwili vya mbele vya fremu, akiiona anajua kwamba injini inapozwa kwa maji. Anatafuta mirija ya upande wa kulia, asipoiona anajua kwamba vali zinaendeshwa kwa namna nyingine. Kisha anayatazama mapezi ya silinda, na hapo ndipo jambo linapompa mhakiki kazi. Katika nyingi za Shadow mapezi yapo, yamechongwa vizuri na kung'arishwa, ilhali maji ndiyo yanayopoza. Mapezi yamebakia kwa ajili ya macho. Ni umbo lililoachwa na dhima yake.

Si kweli, kama inavyodhaniwa na wengi, kwamba Wajapani walianza kuiga kwa wizi. Katika miaka ya 1930 Harley-Davidson yenyewe iliiuzia kampuni ya Sankyo ya Japani haki, michoro na zana za kutengenezea pikipiki zake, na pikipiki hizo zikaja kuitwa Rikuo, jina lenye maana ya mfalme wa nchi kavu. Ziliendelea kuundwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo kufanana kwa kwanza kulikuwa kwa mkataba na kwa fedha taslimu. Mwenye sura aliiuza sura, na baadaye akashangaa kuikuta kwa jirani.

Mshangao huo ulifika Ikulu ya Marekani. Mwaka 1983 serikali ya Ronald Reagan iliongeza ushuru wa asilimia 45 juu ya pikipiki zilizoagizwa kutoka nje zenye ujazo wa zaidi ya sentimita 700, nyongeza iliyopangwa kupungua hatua kwa hatua kwa miaka mitano. Harley-Davidson, iliyokuwa imenunuliwa na wakubwa wake 13 kutoka kwa kampuni ya AMF mwaka 1981 na ilikuwa ikipumua kwa shida, iliomba kinga hiyo na ikaipata. Mwaka 1987 ilitangaza kwamba haiihitaji tena. Wajapani nao walipunguza injini zao za 750 zikawa chini kidogo ya 700. Nje hapakuwa na tofauti ya kutambulika. Pikipiki ile ile, kwa kupunguziwa ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa, ikawa mbele ya sheria ni kitu kingine. Anayedhani kwamba utambulisho hukaa katika umbo linaloonekana na aukumbuke ushuru huo.

Kisha likaja suala la sauti, na hapa Kiswahili kina haki ya kusikilizwa mahakamani. Vyombo hivi Waswahili walivipa majina kwa masikio: pikipiki, na pia tukutuku. Yote mawili ni tanakali za sauti zilizogeuka kuwa nomino. Hakuna aliyeangalia umbo. Chombo kilijitangaza kabla hakijaonekana na kikapewa jina la mlio wake. Nao mlio wa Harley una sababu yake katika chuma. Vyuma viwili vinavyounganisha pistoni na krenki vimefungwa katika pini moja, na kwa kuwa silinda zimepishana kwa nyuzi 45, milipuko haifuatani kwa vipindi sawa: mmoja huja baada ya nyuzi 315 za mzunguko na wa pili baada ya nyuzi 405. Matokeo yake ni mdundo unaochechemea, ambao Wamarekani huuigiza kwa kulikariri jina la kiazi kwa Kiingereza. Mwaka 1994 kampuni iliomba mdundo huo usajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Washindani tisa walipinga, wakidai kwamba injini yoyote ya V yenye pini moja hutoa mlio kama huo. Baada ya miaka sita ya mabishano, mwaka 2000, ombi liliondolewa na mwombaji mwenyewe.

Katikati ya mabishano hayo, mwaka 1995, Honda ilitoa Shadow yenye jina la American Classic Edition. Shadow kubwa za awali zilikuwa na pini mbili zilizopishana katika krenki, mbinu ya kihandisi yenye akili iliyopunguza mtetemo na kuufanya mwendo uwe laini. Katika hii mpya wahandisi walirudi nyuma. Waliweka pini moja ili injini itetemeke na kuchechemea. Tendo hili linastahili kutafakariwa polepole. Fundi aliyekwisha kuondoa dosari aliirejesha kwa makusudi, kwa sababu dosari hiyo ilikuwa imekwisha kuwa alama ya mtu mwingine. Wahenga waliosema mwiga tembo hupasuka msamba hawakumfikiria mwigaji anayejipasua msamba kwa mahesabu, mbele ya kamati ya mauzo.

Hapo kufanana kumekoma, na kujifananisha kumeanza. Tofauti hii Aristotle aliigusa, ijapokuwa kwa lengo jingine, alipojadili utambuzi katika risala yake kuhusu sanaa ya ushairi. Kwa maoni yake utambuzi unaotegemea alama za mwilini ndio duni kuliko wote, na watunzi huukimbilia kwa uchache wa ubunifu. Lakini hata ndani ya aina hiyo duni alitofautisha. Odysseus aliporudi nyumbani katika sura ya ombaomba, yaya wake Eurycleia alimtambua kwa kovu la jino la nguruwe mwitu wakati akimwosha miguu. Kovu lile lile Odysseus alilionyesha baadaye kwa wachungaji ili waamini kwamba ni yeye. Utambuzi wa kwanza ulizuka katika mkondo wa matukio. Wa pili ulitolewa kama hati. Aristotle aliupendelea ule wa kwanza. Kovu halijabadilika, na katika hali zote mbili lilisema kweli. Kilichotofautiana ni kwamba safari moja liligunduliwa, safari nyingine lilinyooshwa mbele ya macho ya mtu.

Mapezi yasiyopoza na pini iliyorejeshwa ni makovu ya kunyooshwa. Tena ni makovu ya majeraha ambayo mwenye nayo hakuyapata. Hata hivyo, kabla ya kumhukumu mwigaji inafaa kuulizwa kama mwigwa mwenyewe anaonyesha makovu ya kweli. Jibu linasumbua. Mwaka 1984 Harley-Davidson ilileta modeli iitwayo Softail. Nyuma ya pikipiki hii huonekana fremu ya pembe tatu iliyonyooka kutoka kitini hadi kwenye ekseli ya gurudumu, bila springi yoyote, kama zilivyokuwa fremu kubwa za kampuni hiyo kabla ya mwaka 1958. Mtazamaji anaona pikipiki ya zamani, ngumu, yenye kumtikisa mwendeshaji hadi mifupa. Ukweli ni kwamba springi na shoki zipo, zimelazwa chini ya giaboksi mahali ambapo jicho halifiki. Kampuni inajifananisha na babu yake. Wazo lenyewe halikuzaliwa kiwandani. Lilibuniwa na Bill Davis, mhandisi asiyekuwa mwajiriwa wake, aliyeiuzia kampuni haki ya ubunifu huo. Miaka 13 kabla ya hapo, mwaka 1971, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa Super Glide, iliyofuata mitindo ya pikipiki ambazo wateja wake walikuwa wakizikatakata na kuziunda upya katika gereji zao. Mwalimu alikuwa amewaiga wanafunzi, na hakuna mwanafunzi aliyelipwa.

Ikifikiwa hapa, hoja ya asili safi inaporomoka. Hakuna sura katika uwanja huu isiyodaiwa na sura nyingine. Wako watakaosema kwamba basi suala limekwisha: kama wote wanaiga, hakuna mwigaji. Hitimisho hilo ni la haraka, na wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wana sababu ya kulishuku. Walishapitia mgogoro wa aina hiyo katika miaka ya 1970, baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, pale upande mmoja uliposisitiza kwamba shairi hutambulikana kwa vina na mizani. Kilichosahaulika katika joto la mjadala ni kwamba alama za utambuzi zinaweza kutimizwa zote bila kitu chenyewe kuwapo. Tangazo la sabuni linaweza kuwa na mizani kumi na sita kwa kila mshororo. Kwa upande wa pili, kuthibitisha kwamba umbo fulani limekopwa hakuthibitishi kwamba aliyelikopa hana la kusema. Deni la sura halifuti haki wala halitengenezi hatia. Lazima hatia itafutwe pengine.

Na itafutwe kwa yule mwendeshaji. Mtu katika mji wowote wa Marekani anasimamisha Shadow yake katika kituo cha petroli. Mzee mmoja anapita, anaiangalia kwa mapenzi, anamwambia, "Harley nzuri hiyo," na kuendelea na njia yake. Mwendeshaji anajibu, "Asante." Je, amesema uwongo?

Mwenye msimamo mkali atasema ndiyo. Amepokea sifa ya kitu asichokuwa nacho, na shukrani ni sahihi ya mpokeaji. Mwenye msimamo laini atasema kwamba adabu imetangulia ukweli hapa, kwani kumsimamisha mzee ili afundishwe tofauti baina ya rejeta na mapezi ni utovu wa heshima usio na faida. Hoja zote mbili zina nguvu, lakini zote zinatafuta uovu katika neno, ilhali uovu, kama upo, uko katika gharama. Nani analipia kimya kile? Mwenye Shadow hakuchukua chochote cha mzee. Wala hakuichukulia Harley-Davidson. Kinyume chake, kampuni ya Milwaukee imeongezewa sifa moja ambayo haikuifanyia kazi. Aliyepoteza ni mhandisi wa Japani aliyeunda kile mzee alichokipenda, na ambaye uzuri wa kazi yake umeandikwa katika daftari la mwingine. Ni jambo la ajabu, lakini ndivyo hesabu inavyotoka: katika kosa hili la utambuzi, yule anayelalamika daima kwamba anaigwa ndiye anayefaidika, na mwigaji ndiye anayeibiwa. Pengine ni malipo ya haki kwa aliyesafiria nyota ya mwenzake.

Kimya hicho hicho kikihamia mahali pengine kinabadilika tabia. Mbele ya mnunuzi asiye mjuzi ni utapeli, kwa sababu kuna mtu atakayeondoka bila fedha zake. Ndani ya klabu isiyokubali ila pikipiki za Marekani ni usaliti wa wenzake, hata kama sharti lenyewe ni la kipuuzi. Sura ni ile ile, neno lisilosemwa ni lile lile. Maadili hayakai katika kufanana; yanaanza pale mtu anapojua kwamba amefananishwa na kuwa na uwezo wa kusahihisha.

Filamu zimelizidisha jambo hili. Waulizwe watu Marlon Brando aliendesha pikipiki gani katika The Wild One ya mwaka 1953, filamu iliyouzaa ulimwenguni kote mfano wa mhuni wa koti la ngozi, na wengi watajibu kwamba ni Harley. Alikuwa juu ya Triumph Thunderbird ya Kiingereza. Mwenye Harley alikuwa hasimu wake, aliyeigizwa na Lee Marvin. Mwagizaji wa Triumph nchini Marekani wakati ule hakupendezwa, alilalamika kwamba filamu ingewachafulia jina wanunuzi wake. Historia ilimkubalia ombi lake kwa namna ambayo hakuitarajia: iliiondoa Triumph katika kumbukumbu za watu na kuweka nyingine mahali pake. Kumbukumbu nayo hufananisha, na hufananisha kwa kuelekea lile jina lenye nguvu zaidi.

Easy Rider ya mwaka 1969 ina kisa kizito zaidi. Peter Fonda na Dennis Hopper wanaonekana humo wakivuka Marekani juu ya Harley zilizounganishwa upya, uma za mbele zimerefushwa, na tangi la ile iitwayo Captain America limepakwa nyota na milia ya bendera. Yamkini hakuna pikipiki iliyowahi kutazamwa na watu wengi kuliko hiyo, wala iliyoigwa zaidi. Ziliundwa Los Angeles kutokana na pikipiki kuukuu za polisi zilizonunuliwa mnadani. Aliyesimamia ubunifu wake alikuwa Cliff Vaughs, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mwanaharakati na mpiga picha wa harakati za haki za kiraia, na fundi mkuu alikuwa Ben Hardy, naye Mmarekani Mweusi, aliyekuwa na karakana yake mjini humo. Majina yao hayamo katika orodha ya waliotengeneza filamu. Kwa miongo kadhaa sifa ya sura ile ilimwendea Fonda, au ilining'inia hewani kana kwamba chuma kilijichonga. Hardy alifariki mwaka 1994, kabla jina lake halijaanza kutajwa ipasavyo. Vaughs aliishi hadi mwaka 2016, na katika miaka yake ya mwisho alipata kuona waandishi wakimtafuta.

Katika kisa hiki hakuna aliyejifananisha. Fonda hakuhitaji kudai. Ilitosha kwamba alikuwa juu ya kiti na kamera ilikuwa mbele yake. Mtazamaji alifananisha mwendeshaji na mwundaji, kosa la kawaida kama lile la mzee wa kituo cha petroli. Lakini gharama haikuwa ya kawaida. Filamu ilijitambulisha kuwa safari ya kuitafuta Marekani, na katika kuitafuta ikawapita watu wawili waliokuwa wamesimama kando ya chombo chake, mikono yao ikiwa bado na grisi. Hapo kimya kilikuwa na wenyewe: watu waliojua, walioulizwa mara nyingi katika mahojiano, na waliokuwa na nafasi ya kusahihisha. Eurycleia alipotaka kupaza sauti, Odysseus alimkamata koo ili asimtaje. Wenye kumshika koo shahidi huwa na sababu nzuri wakati mwingine. Odysseus alikuwa na adui nyumbani mwake. Waliokuwa kimya kuhusu Hardy na Vaughs hawakuwa na adui yeyote.

Kwa filamu hiyo ziliundwa pikipiki nne, mbili kwa kila mhusika. Moja iliharibiwa katika tukio la mwisho, na nyingine tatu ziliibwa. Mwezi Oktoba 2014, huko California, pikipiki iliyoelezwa kuwa ni Captain America ile iliyoharibiwa na kuungwa upya ilipigwa mnada na kufikia dola 1,350,000. Punde magazeti yakaripoti kwamba ipo nyingine, iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine, yenye cheti cha uhalisi kilichotiwa saini na mkono ule ule. Wajuzi wakagombana juu ya fremu na viungo vya chuma, kila mmoja akiwa na picha zake za zamani.

Zile tatu zilizoibwa hazikupatikana. Aghalabu hudhaniwa kwamba zilibomolewa na vyuma vyake kuuzwa kimoja kimoja kabla filamu haijaonyeshwa, wakati ambapo mwizi hakuwa na njia ya kujua ameiba nini. Lakini kama mojawapo ingali nzima, na mtu akatokea nayo leo barabarani, uma ndefu, tangi lenye nyota na milia, mzee wa kituo cha petroli ataiangalia, atatabasamu, na atasema kwamba hiyo nayo ni miongoni mwa zile zilizoundwa kuifananisha.